Kipande cha Kumi na Saba

Kazi yangu, wakiniuliza sokoni Lamadi, ni kuhesabu mavi.
Wanacheka. Hata mimi nilicheka, mwezi wa kwanza.
Kamba ya mita hamsini, rula ya mbao,
daftari lililovikwa nailoni, na nyuma yangu askari Magesa
na bunduki yake, akipiga miayo.

Tunaanzia Ndabaka, nyika inapofika kunywa maji ya Nyanza.
Udongo mweusi, ule baba aliouita mbuga
kabla sijasikia kwamba mbuga ni mahali pa watalii:
masika unavua watu viatu,
kiangazi unapasuka hadi mtamba anaogopa kukanyaga.

Pundamilia hutangulia. Mabua, nyasi ngumu za kufika gotini,
yote sawa kwake; tumbo lake gunia.
Nyumbu hufuata, mdomo mpana kama fyekeo,
anataka chipukizi la sentimita saba,
ukimpa kumi na tano anakupita kama hakujui.
Halafu swala tomi, anaokota jani mojamoja
kama anayechambua mchele wa wageni.
Nyamera yeye amepanda kichuguu tangu asubuhi,
anaangalia kila apitaye
kama mwenye nyumba tarehe mosi.

Na usiku, kiboko.
Njia yake ni ileile, pana kama ya mkokoteni,
kutoka ziwani hadi kwenye majaruba ya mama yangu, Minza.
Maji karibu, udongo mnene, majani laini:
mama alichagua pale kwa sababu hizohizo.
«Yule hakuja kuniibia,» alisema asubuhi moja,
amesimama katikati ya mpunga uliolala.
«Tumependa mahali pamoja. Yeye alipapenda kwanza.»

Daftari lina safu zake.
Urefu wa nyasi. Umbali wa maji. Umbali wa watu.
Najaza, nageuza ukurasa, najaza.

Kipande cha kumi na saba kilinitesa.
Nyasi fupi, kijani, tamu hata kwa macho,
maji hatua mia mbili, na watu hakuna.
Mavi: sifuri.
Mwezi uliofuata, sifuri.
Ofisi ikaandika kwa wino mwekundu: *Rudia.*

Mara ya tatu nikaweka rula chini,
nikapiga magoti, nikaweka na mikono,
nikashusha kichwa hadi kimo cha mnyama anayekula.
Magesa akauliza kama nimepoteza hereni.
Sikuliona ziwa. Hata Magesa sikumwona.
Niliona nyasi, mbele ya pua,
na nyuma yangu matete yakinong'onezana,
matete marefu, mazito, yenye nafasi ya kutosha kujificha kitu,
na shingo ikanisisimka
kabla kichwa hakijapata sababu.

Nilisimama haraka. Nilijipangusa magoti kwa muda mrefu.

Mwaka mpunga ulipoliwa mara ya nne, mama alihamia Mwanza.
Tambarare ya Buhongwa ilikuwa na bei ya watu wengine.
Akapanda Mabatini, juu kabisa, kati ya majabali,
ambako maji yanafika kichwani mwa mtu, lita ishirini ishirini,
na saruji inapanda ngazi kwa karai.
Shangazi Ng'washi alimcheka:
umeacha mpunga, umefuata mawe?
Mama hakumjibu. Alilizunguka jabali moja mara mbili,
kama ng'ombe wa kununuliwa anavyozunguka zizi jipya,
akaketi, mgongo kwenye jiwe, uso kwenye njia.
«Hapa,» akasema, «nitalala.»
Nilikuwa na miaka kumi na moja na ndoo mkononi.
Nilimwona mjinga.

Jioni, Lamadi, nanakili fomu kwa taa ya simu.
Kumi na sita: nyumbu tisa, pundamilia watatu.
Kumi na saba: sifuri.
Na pembeni, kwa penseli, mahali ofisi isiposoma:
*nyasi nzuri sana. Sikuweza kuinama.*