Kanuni ya Kumi na Saba

Ombi lilikuja Jumanne, limepigwa mhuri,
kana kwamba seva inajua kusoma mhuri:
barua pepe zote za Musembi, wa stoo,
kwenda kwa Nanjala, wa uhasibu,
zisimfikie Nanjala.
Zielekezwe kwa Bi. Gathoni, ofisi ya wafanyakazi.
Za wengine ziachwe zipite.

Sikuuliza. Niliandika mistari mitatu:
ikiwa mtumaji ni huyu,
na mpokeaji ni yule,
basi peleka kule.
Lugha ya mashine haina tafadhali.
"Ikiwa" yake haisiti.
Nikajaribu kwa barua tupu. Ikakata kona
kama mtu aliyemwona mdai wake River Road.
Nikanywa chai.

Wahenga walisema mjumbe hauawi.
Hawakusema lolote kuhusu kumshika bega langoni
na kumwambia kwa upole:
si huko, huku.

Hapa Lunga Lunga tunachapisha kalenda,
vitabu vya risiti, kadi za harusi.
Kadi ya harusi yao ilitoka mashine ya pili,
karatasi rangi ya maziwa, bei ya mfanyakazi.
Mabaki yake tuliyaandikia namba za simu
mwaka mzima.

Barua za watu sisomi. Hilo nalisema mapema.
Naona bahasha tu: nani, kwa nani, saa ngapi,
na kichwa.
Lakini bahasha nayo ina mdomo.
Mwezi wa kwanza, arubaini na moja,
nyingi saa nane za usiku. "Nisikilize." "Nisikilize tena."
Mwezi wa pili, tisa.
Wa tatu, wakamhamishia Eldoret; ikaja moja:
"Ufunguo wa kabati."
Kisha kimya, na kanuni ikabaki macho
kama mlinzi ambaye hakuna aliyemwambia
kiwanja kimeuzwa.

Ijumaa ile ya Novemba, mvua, stima imepotea,
seva ikihema kwa betri,
simu za ofisi zimekufa tangu Jumatano,
nilikuwa natafuta kitu kingine kabisa,
ankara ya wino.
Nikaiona. Saa nne na dakika kumi na mbili.
Mtumaji huyu. Mpokeaji yule. Imepelekwa kule.
"Shule wamepiga. Ni Mwende. Simu yako haishiki."

Ilikuwa saa saba kasoro robo.
Imefika salama, mashine ikasema.
Imefika salama
kwa Bi. Gathoni, aliye likizoni Othaya,
anachuma chai ya mamake.

Ngazi hadi uhasibu ni thelathini na mbili.
Sikuwahi kuzihesabu.
Nanjala alikuwa anamenya ndizi, viatu kavua,
simu mezani nyeusi kama kigae.
Nikasema maneno yale yale ya kichwa cha barua,
mpaka "haishiki".
Hakuuliza nimejuaje.
Aliuliza Jumatatu, na ilikuwa haki yake.

Mkono, umevunjika mahali pamoja,
plasta tayari imejaa majina ya darasa la tatu.
"Niiondoe?" nikamwambia.
Alitazama dirisha muda mrefu,
lori la karatasi likirudi kinyumenyume uani.
"Usiiondoe," akasema.
Kisha, nikiwa mlangoni: "Lakini Mwende."

Hivyo nikashuka, nikaandika ya kumi na nane,
ambayo hakuna ombi lake wala mhuri:
ikiwa mtumaji ni huyu,
na mpokeaji ni yule,
na kichwa kina jina la mtoto,
basi niamshe mimi.

Sasa nalala na simu chini ya mto.
Mke wangu anauliza nasubiri nini.
Namwambia, natumai, hakuna.