Nyuzi

Daktari alihesabu kumi na moja
alipozitoa begani kwangu kwa mkasi,
nyuzi nyeusi, fupi, kama sharubu za panya.
Nikadhani nyuzi zimekwisha.
Kumbe ndiyo kwanza zinaanza.

Kijana wa mazoezi ya viungo, pale hospitali ya mkoa,
ana kidude cha plastiki chenye mikono miwili:
mmoja akaulaza ubavuni mwangu,
wa pili ukaufuata wangu.
"Inua, mama Nyemo."
Nikainua.
"Nyuzi ishirini na mbili," akaandika,
uso mkavu kama wa karani wa mizani
anayepima zabibu na kutoa uzito wa kreti.

Pembe ndiyo iliyonivunja,
pembe ya fahali wa Chedego, njia ya bwawani Hombolo,
mchana kweupe, ndoo kichwani.
Leo naambiwa pembe ndiyo itakayoniponya.
Kiswahili nacho kina utani.

Nyumbani Nyemo akafungua mkebe.
Kipimapembe chake kimeliwa ukingo,
hakizidi kiganja cha mtoto.
Akachomoa uzi wa gunia, akafunga kipande cha mkaa,
ncha ya pili akaikaza kwenye msumari
usawa wa bega langu,
akazungusha polepole, ulimi nje,
hadi udongo wa ukuta ukabeba nusu duara nyeusi.
"Chini kabisa sifuri. Juu kabisa mia moja themanini."
"Na duara zima?"
"Mia tatu na sitini."
"Mbona mwaka una zaidi?"
Akafikiri.
"Siku tano zimebaki nje, mama.
Labda ni za wagonjwa."

Basi kila alfajiri mgongo ukutani,
kabla upepo haujaamka na vumbi lake.
Arobaini: naufikia mfuniko wa pipa.
Sitini: nasonga ugali wa uwele,
lakini wa watu wawili tu.
Tisini, pembe mraba. Siku hiyo nililia,
mkono umenyooka kama wa trafiki
na barabarani hakuna gari.

Chedego, kila tulipokutana, aligeuza shingo
tisini kamili,
akaikagua minyaa ya uani kwa watu
kana kwamba ameipanda yeye.
Hakusema pole. Fahali hakumuuza.
Wiki iliyopita shingo ilikomea arobaini na tano.
Jana thelathini; nikaliona jicho moja,
jekundu, la mtu asiyelala.
Sina haraka naye.
Najua sasa kiungo kilichoganda hurudi vipi:
kwa maumivu, uzi mmoja mmoja,
na kuna asubuhi kinarudi nyuma.

Leo mia moja sitini na tatu.
Kijana amefunga faili langu,
anasema inatosha kwa maisha ya kawaida.
Huyo hajawahi kuchuma zabibu.
Juu ya waya wa mwisho kuna kichala
kimejibanza nyuma ya jani,
cheusi, kimeiva hadi nyuki wamekijua.
Nimesimama chini yake, nimekipima kwa macho:
kiko nyuzi kumi na saba
kutoka kwenye vidole vyangu.