Mstari Haujui Mlima

Mwalimu Nkwasibwe alichora mihimili miwili ubaoni,
wa wima mahali, wa ulalo wakati,
akasema: chukueni chochote kinachokwenda.
Nikamchukua baba.

Baba na baiskeli yake ya mti,
magurudumu ya mti, usukani wa mti,
breki kipande cha tairi cha kukanyaga,
na magunia mawili ya viazi,
toka kwetu juu Kyanamira hadi sokoni Kabale.
Jumamosi nilipanda juu ya magunia
na saa ya shangazi Kyomuhangi mkononi.

Saa kumi na mbili kasorobo: sifuri. Nyumbani.
Kisha mstari wangu ukaanza kupanda,
na Turyatunga wa dawati la nyuma akacheka:
"Viazi vinapanda mlima! Si mnateremka nyie?"
Darasa zima likacheka naye.
Nikatafuta kifutio.

"Acha," mwalimu akasema. "Mstari haujui mlima.
Unajua tu mmefika mbali gani na nyumbani.
Kasi imo katika mwinamo.
Hapa, uliposimama kama ukuta, kulikuwaje?"
Upepo ulinitoa machozi, nikasema.
"Basi. Umechora machozi."

Mbele kidogo mstari umelala, dakika kumi na moja.
Kwenye karatasi ya pili, ile ya kasi,
dakika zilezile zimekaa juu ya sifuri, kimya.
Tulipumzika, nikasema.
Sikusema breki ilikatika,
wala kwamba baba alivua ndara ya kushoto,
akaikata kwa panga, akaipigilia kwa jiwe.

Kurudi, baiskeli tupu, baba akisukuma kupanda,
mstari ukashuka.
Na kasi ikazama chini ya sifuri.
"Chini ya sifuri? Amekufa?" Turyatunga tena.
"Anarudi kwake," mwalimu akajibu,
akanipa tisa kwa kumi; moja ilikatwa kwa kusahau vipimo.

Eneo la juu ukitoa la chini:
sifuri. Siku nzima, sifuri.
Hilo sikulipenda, ingawa ni sahihi.

Jioni baba aliishika karatasi kwa ncha za vidole,
mguu mmoja ndara, mwingine gambuti.
Kidole chake kikapita polepole,
kikatua palipolala. "Breki," akasema.
Hakuna aliyemwambia.
Kisha kikarudi kwenye ule ukuta,
akatikisa kichwa:
"Hapa umenipunja.
Nilikwenda kasi kuliko hivi."