Mwisho wa Mwezi

Walipofika mwezini, sisi wa Pumwani
tulikuwa hatujafika mwisho wa mwezi.
Tarehe ishirini, Jumapili, kodi bado.
Mama, Bi Tatu binti Feruzi, ana kanzu tatu za watu mezani
hazijakunjwa pindo,
na mafuta ya taa tunayapima kwa kizibo.

Redio ilikuwa moja, ya Bwana Sururu,
betri zake zimeanikwa juani mchana kutwa zipate nguvu.
Saa tano na robo usiku: wametua.
Tukatoka sote, hata Sefu mwenye surua,
tukaukuta mwezi nusu, mwekundu kidogo,
umeinama upande wa Dagoretti
kama mtu atafutaye sindano.
Hatukuona mtu.
"Wamo ndani," akasema Sururu,
utadhani yeye ndiye aliyewafungulia mlango.

Waliposhuka ngazi ilikuwa kumi na mbili kasoro dakika nne, alfajiri,
na mwezi umezama zamani.
Mama alikwisha kuswali.
Akatazama mbingu tupu juu ya mabati,
kisha akatazama sakafu.
"Basi wako chini yetu."
Akavua kandambili, akaweka mguu taratibu,
kama apitaye chumba cha mtoto aliyelala.

Barazani wakabishana:
uliokwisha kukanyagwa, utaandama vilevile?
Novemba ukaandama, mwembamba, safi,
hauna hata alama ya kiatu.
Tukafunga.

Wakaenda tena na tena, watu kumi na wawili kwa jumla,
halafu basi.
Waliacha viatu, gari, mifuko ya haja,
picha ya familia ndani ya plastiki.
Mgeni gani huyo, huacha viatu mlangoni
asirudi miaka hamsini?

Sasa mjukuu wangu Salha anasoma Chiromo.
Watarudi, bibi, ananiambia, andazi mdomoni,
safari hii ncha ya kusini,
kwenye mashimo yasiyojua jua,
na ndani yake barafu.
Na mwanamke atashuka.
Nikamuuliza, maji ya huko mtungi utauzwa shilingi ngapi?
Akacheka. Sikuwa natania.

Akasema pia: vumbi lile, walipoingia nalo ndani
wakavua kofia zao,
lilinuka baruti.

Mguu wangu ukasimama juu ya cherehani.
Julai ile ile, wiki mbili kabla ya redio ya Sururu,
nilitumwa mjini kununua uzi mweupe.
Government Road, Jumamosi, saa saba.
Nina miaka kumi na mmoja.
Mlango wa duka la dawa, watu wanakimbia huku na huku,
kiatu kimoja cha mwanamke katikati ya barabara.
Uzi niliufikisha nyumbani, na harufu ndani yake.
Mama aliunusa, akaufua, hakuuliza.
Kwa hiyo walikwenda mbali kote kule
wakakuta hiyo hiyo.

Hata leo simwambii Salha.
Ananieleza habari za nguo:
zilishonwa na wanawake, kwa cherehani,
tabaka ishirini na moja,
mshono usipotoke hata upana wa uzi.
Pini zilihesabiwa zikitolewa, zikahesabiwa zikirudi,
maana moja iliyosahaulika
ingemtoa mtu roho.
Miaka yote nilidhani ile ni kazi ya roketi.

"Simama wima," namwambia. "Nyosha mkono."
Nampima bega, kifua, kiuno, paja,
naandika kwa chaki juu ya meza ya mama.
"Ni ya Idi, bibi?"
Vuta pumzi, namwambia, ishikilie,
nione nguo itakubana wapi.

Mlangoni wakala wa mwenye nyumba anagonga.
Bibi, mwezi umekwisha!
Simjibu.
Nina pini mdomoni, nazihesabu kwa ulimi.