Safu ya Saba

Januari, Tampere. Saa tisa na nusu alasiri
na jua limeshafunga duka.
Taisto amechora jedwali kwa rula ya kiwandani,
ile aliyopimia karatasi miaka thelathini na minne.
Juu ya kila safu ameandika kitu kinachopimika:
kodi, hospitali, joto, bei ya mkate,
usalama, nauli ya kurudi.
Kando, nchi zimepanga foleni na kofia mkononi:
Panama, Malasia, Kupro, Thailandi, Ureno.
Anazipa alama kwa penseli,
mwalimu mkali anayesahihisha dunia.
Thailandi imefeli kwa unyevu.
Panama imekatwa mbili, iko mbali na wajukuu.

Mimi namenya viazi.
Nilipikia shule, watoto mia nne kila mchana;
najua mizani haijui mtoto yupi hali vitunguu.
Nikamwambia, ongeza safu ya saba.
Ya nini?
Ya nani atagonga mlango siku tusipofungua madirisha.
Akaitazama rula. Hiyo haina namba, Raili.
Lakini aliichora.
Akaiacha tupu.

*

Ureno ikashinda kwa alama tatu.
Tukauza nyumba, na sauna, na kuni zilizokwisha kupasuliwa.
Koleo la theluji tulilitoa bure,
na ndilo lililoniliza.

Serpa. Nyumba nyeupe, mlango wa buluu,
pango la mwezi chini ya bili yetu ya zamani ya kupasha nyumba joto.
Nafuu, alisema Taisto, nafuu! Akalirudia neno siku nzima
kama mtoto aliyeokota sarafu.
Dona Idalina, mwenye nyumba, anakaa ukuta wa pili.
Alituonyesha chumba cha kulala.
Karibu na dirisha, mistari ya kalamu:
Adérito miaka sita, Adérito tisa, Adérito kumi na moja,
mpaka pale mtoto alipompita mama kimo.
Yuko Luksemburg, alisema. Anapaka rangi nyumba za watu.
Akahesabu kwa vidole mshahara wa hapa,
akahesabu pango letu,
vidole vikamwishia.

Mgonjwa akiinuka husemwa kapata nafuu.
Usiku ule nililala katika nafuu yetu
nikasikia, ukuta wa pili, mtu akikohoa.

*

Tulikuja kupumzika, na watu walituheshimu kwa hilo.
Mkahawani walituachia meza ya kivulini.
Walituamkia, wakaendelea na yao.
Siku ya tatu ikapita. Ya thelathini.
Mwezi wa nane, na hakuna aliyetupa jembe.
Una uchovu wake, ugeni usioisha.
Taisto alianza kuamka alfajiri
kufagia barabara isiyo na theluji.

Kisha Machi, wiki mbili kabla ya Pasaka,
mlango ukagongwa.
Idalina, mkono mmoja nyongani, mwingine umeshika ndoo ya chokaa.
Hakusema tafadhali.
Alinipa brashi, akaelekeza ukuta kwa kidevu.

Tulipaka mpaka saa saba.
Taisto juu ya ngazi akilalamikia kiuno kwa Kifini,
Idalina chini akimlalamikia yeye kwa Kireno:
anapaka kama mtu anayeficha kitu!
Walielewana vizuri sana.
Chumbani nilipaka kuta tatu,
na wa nne nikaupaka mpaka karibu na dirisha,
nikasimamisha brashi.
Idalina aliona. Hakusema.
Akaenda kukata mkate, kipande changu kinene.

Usiku nikalitoa jedwali kwenye droo.
Nikachonga penseli kwa kisu cha viazi.
Katika safu ya saba, mstari wa Ureno,
niliandika: Idalina.
Halafu, kwa kuwa hesabu ni hesabu,
nikaandika chini yake: Adérito,
na mbele ya jina lake
nikaweka alama ya kutoa.