Sekunde Tatu

"Chanda chema huvikwa pete,"
alisema mama siku niliposajiliwa timu ya Reli,
naye alimaanisha mume.
Mimi niliwaza ile ya chuma,
futi kumi juu ya vumbi la Isevya,
isiyo na wavu tangu masika ya mwaka juzi,
hata bao likiingia halikuacha ushahidi
ila kelele.

Miaka tisa nilisimama chini yake.
Kifuani herufi mbili, GS,
na hapa Tabora wapo walionijua kwa hizo tu:
muuza michembe, kondakta wa treni ya Mpanda,
watoto wa Ng'ambo waliopaza "Jii-Esi! Jii-Esi!"
kana kwamba ndilo nililopewa kitovu kilipodondoka.

Kisha magoti yakavimba bila kuanguka.
Kisha ngazi za stesheni, saba tu,
zikanikalisha katikati kama mzigo usio na mwenyewe.
Kitete, daktari alichora moyo nyuma ya kadi,
mlango mmoja akauchora umepinda.
"Haufungi sawasawa. Damu ikitoka, nyingine inarudi."
Akauliza kama utotoni niliumwa koo.
Nani hakuumwa koo?
Nililamba asali na ndimu, nikarudi kucheza.
"Na mpira?" nikamuuliza.
Akafunika kalamu.

Chanda kikivimba, pete hukatwa.
Hilo hawakulitia kwenye methali.

Sheria ya mchezo wetu, kwa asiyeujua:
ukiudaka mpira, huruhusiwi kukimbia nao.
Unasimama ulipo. Una sekunde tatu.
Mpe mwenzio au tupa kwenye pete,
vinginevyo filimbi.

Mimi nilikaa na jezi miezi kumi na moja,
uvunguni, ndani ya sanduku la bati,
chini ya kitenge cha msiba wa baba.
Filimbi ya mazoezi ikilia jioni nilifunga dirisha.
Lilifunga vizuri kuliko moyo wangu.
Watu walinipa pole mpaka pole ikawaishia,
wakaanza kunipa ushauri.
"Mshukuru Mungu, ungekufa."
Nilimshukuru, meno yameumana.

Reli wakanihamishia banda la vifurushi.
Madebe ya Sikonge, kuku wa Kaliua kwenye matenga,
godoro la bibi harusi limefungwa kwa kamba ya katani.
Mchana mmoja Lubango, mbebaji,
akaniwekea kifurushi viganjani kwa utani: "Kadiria."
"Kilo nne na robo," nikasema.
Akakipandisha kwenye mizani.
Sindano ikayumba, ikasimama pale pale.
Aliguna. Mimi nilitazama mikono yangu,
iliyojua mpira uliopungua upepo
kwa pumzi mbili tu,
nikaona haikuwa imeambiwa habari za moyo.

Alhamisi akaja Kabula, miaka kumi na minane,
mrefu, visigino havitulii chini.
"Dada, keshokutwa tuna Magereza.
Jezi ni seti moja. Herufi zako…"
akajirekebisha, "herufi za timu."
Nikainama uvunguni taratibu, kama nilivyofundishwa.
Ilinuka vidonge vya nondo na jasho langu la zamani.
Nikaikunja.
Moja.
Mbili.

Asiseme mtu kwamba Jumamosi nilikwenda kushangilia.
Nilikuwa nimetoka kuchomwa sindano ya mwezi,
paja zito, na treni ya Kigoma imechelewa.
Kelele zikavuka kutoka Isevya hadi bandani,
moja, kimya, nyingine.
Nilizihesabu bila kutaka: kumi na nane.
Moyo ulipiga ovyo, kawaida yake.

Kwenye stakabadhi, chini kabisa, pana mstari:
Mpimaji.
Siku zote nilikwaruza pale kijimstari tu.
Safari hii nikaandika Kalunde Masele,
herufi kumi na tatu, moja moja,
wino ukapenya hadi nakala ya tatu.
Nikaita:
anayefuata.