Mgongo wa Mitsuyo

Uso wake siukumbuki vizuri.
Niulize mgongo:
nitakuchorea mshono wa suti ya buluu uliokaa upande,
mkono wa kushoto uliolala kiunoni kama paka,
na pumzi yake, nyeupe, ikibaki hewani
hadi nifike niipasue kwa paji la uso.

Tulizaliwa Obihiro, majira ya theluji yaleyale,
nyumba mbili, katikati shamba la maharagwe mekundu.
Baba yake alikamua ng'ombe kumi na wanane,
wangu aliendesha lori la maziwa.
Januari, baridi ya kugandisha kope,
wazazi walitoka na mpira wa maji
wakakinyunyizia kiwanja cha shule, zamu kwa zamu,
tabaka juu ya tabaka, hadi saa tisa za usiku.
Wasemao maji yakimwagika hayazoleki
hawajafika kwetu.
Yalimwagwa makusudi,
na asubuhi tuliyakuta yamesimama, yanatungoja.

Siku ya kwanza Mitsuyo alianguka mara arobaini na moja.
Nilihesabu. Kwa furaha, sitaficha.
Kuteleza si kuanguka, lakini hilo lilimchukua wiki nzima:
anayeanguka ni yule aliyeogopa kuteleza.
Wiki ya pili akaacha kuogopa,
na mimi nikaanza kazi yangu ya miaka ishirini na mitatu,
kutazama mshono.

Ubingwa wa shule. Wa kisiwa. Wa taifa.
Kisha Norwei, mita elfu moja na mia tano,
kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia kama sufuria iliyodondoka,
yeye njia ya ndani, mimi ya nje,
tukapishana karibu mno hata nikasikia meno yake yakisagana.
Alinishinda kwa sehemu nne za mia za sekunde.
Katika muda huo kope haimalizi kufumba.
Katika muda huo yeye akawa bingwa wa dunia
na mimi nikawa msichana wa pembeni kwenye picha,
aliyekatwa bega na mhariri wa gazeti.

Kisha kikaja kiatu kipya,
kisigino kinachoachana na chuma:
kla, kla, kla, uwanja mzima kama wapishi wanaokata vitunguu.
Mitsuyo akakataa.
"Chuma kikiniacha mguu, nitajuaje barafu inasema nini?"
Barafu haikumsubiri ajue.
Wasichana waliozaliwa yeye akiwa na medali ya kwanza
wakampita, mmoja, wawili, watano.

Mwaka ule nami nilimpita. Mara moja tu.
Nikainua macho, mbele yangu hapana mgongo,
nikakosa pa kutazama.
Nilimaliza wa kumi na moja. Yeye wa kumi na mbili.
Sikulala.

Kiangazi kile alivaa viatu vipya zizini,
juu ya mikeka ya mpira, kati ya ng'ombe,
akijifunza kutembea akiwa na miaka thelathini.
Mama yake alisema maziwa yalipungua.
Mwaka wa pili akashinda tena, Norwei ileile,
akashuka jukwaani, akafungua kamba za viatu taratibu,
akampa mtoto aliyekuwa akifagia theluji.
Hakutoa hotuba. Aliomba supu.

Sasa Januari ikifika tunakutana kiwanjani.
Mimi nashika mdomo wa mpira, yeye anaubeba mkia
usigande ukakatika.
Usiku wa jana, tabaka la sita, akaniita:
"Mgongo wako umepinda kushoto."
Sikugeuka. Maji yalikuwa yanataka mkono usiotikisika.
"Ni kona zako hizo," nikamjibu.